Vichwa vya Kamba

Noreen Tulloch alipikia wanafunzi wa shule ya msingi ya Iluka, mji mdogo wa wavuvi, kwa miaka ishirini na saba, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyesimama mbele ya dirisha lake la jikoni akaondoka mikono mitupu. Aliyesahau chakula nyumbani alipewa mkate. Aliyekula akasema hajashiba aliongezwa. Watu walimsifu kwa hilo, naye alijisifu kuliko wao. Mimi nasema balaa lilianzia hukohuko, maana mtu akishazoea kusifiwa kwa ukarimu hawezi kusema hapana hata kwa paka.

Paka alikuwa nao watatu. Toffee na Pip walikuwa majike wa tumbo moja, wanene, walaji wa chochote kile. Wa tatu, Badger, alikuwa dume aliyehasiwa, mweusi mwenye mstari mweupe usoni, na huyo ndiye aliyekuwa kipenzi, ingawa Noreen angekukatalia ukimwambia hivyo. Mwezi wa Julai, baridi ilipokuwa kali, Badger alishikwa na ugonjwa wa mkojo. Daktari wa wanyama kule Maclean, mji wa jirani, mwanamke kijana asiye na masihara, alimwonyesha Noreen picha ya kibofu cha paka wake na mchanga uliotulia ndani yake.

"Kuanzia leo huyu anakula hiki tu," daktari akasema, akimkabidhi mfuko wa chakula maalumu.

"Hata kipande cha samaki asipate?"

"Hata kipande. Dume njia yake ya mkojo ni nyembamba. Ikiziba, siku mbili zinatosha kumuua."

"Usiwe na wasiwasi, daktari," Noreen akajibu kwa kiburi cha kazi yake. "Mimi nimelisha watoto mia na hamsini kwa siku, na kila mwenye mwiko wake nilimjua. Paka mmoja atanishinda?"

Haya, sasa mlishe mmoja chakula chake mbele ya wenzake wawili uone kazi. Toffee aliona chakula cha mgonjwa ndicho kitamu, Badger akaona cha Toffee ndicho kitamu zaidi. Ukigeuka kuchukua kijiko, wameshabadilishana bakuli. Basi Noreen akapanga utaratibu: Badger anafungiwa chumba cha kufulia na bakuli lake, majike wanabaki jikoni, dakika ishirini, kisha bakuli zote zinaondolewa na kuoshwa. Asubuhi hivyo, jioni hivyo. Utaratibu ulikuwa mzuri, ila Badger alimaliza chake upesi, akasikia wenzake wakitafuna, akaanza kukwaruza mlango na kulia. Noreen alisimama upande wa pili na kiganja chake mlangoni.

"Vumilia, baba. Vumilia kidogo."

Moyo ulimuuma. Ilikuwa kama kumfungia mtoto nje wenzake wakiwa mezani, na yeye mwenyewe ndiye mwenye ufunguo.

Badger alipata faraja yake kwa jirani. Upande wa pili wa ua aliishi Clarrie Pettifer, miaka sabini na tisa, aliyevua kamba miaka arobaini mpaka mikono ilipoanza kutetemeka akauza boti yake. Hakuwahi kuoa. "Nani angenitaka, nanuka kamba hata Jumapili," ndivyo alivyosema. Kila alasiri Badger alipenya kwenye pengo la ua, akapanda kwenye baraza ya mzee, akajilaza kwenye kiti cha pili kana kwamba kilinunuliwa kwa ajili yake. Clarrie alimsimulia habari za injini. Mwiko wake aliujua. "Mgonjwa huyu simpi hata ukucha," alimwambia Noreen, na hakumpa.

Ila mzee alianza kusahau. Mwezi wa Oktoba funguo za gari zilipotea, zikaonekana kwenye kopo la mkate. Novemba birika liliungua jikoni mpaka likatoboka. Leanne, binti wa dada yake aliyeishi Grafton, akaanza wimbo wa nyumba ya wazee: kuna bustani, kuna manesi, kuna wenzako wa kucheza nao karata.

"Nitatoka humu nimebebwa," Clarrie alimjibu. "Na wabebaji wawe na nguvu, maana nitajishikilia mlangoni."

Siku ya Krismasi alikuja kwa Noreen na ndoo ya kamba kutoka kwenye boti ya rafiki yake, kama kila mwaka. Walikula barazani, joto limewabana, mikono imelowa mpaka viwiko.

"Umewachemsha tena?" Clarrie aliuliza, ameshika kamba mmoja mkiani. "We mwanamke! Hawa wameshapikwa botini, kwa maji ya bahari. Ndiyo maana watoto wa shule walikuwa wanakuja kula kwangu."

"Nimewapasha tu. Na watoto hawakuja kwako, walikukimbia na harufu yako."

"Harufu hii ndiyo imekulisha leo. Kula unyamaze."

Walipomaliza, Noreen akafanya kile ambacho nyumba zote za Iluka hufanya: akafunga vichwa na maganda kwa gazeti akavitia kwenye friza. Takataka za kamba hazitupwi kwenye pipa kabla ya siku ya gari la taka. Ukizitupa mapema kwenye joto lile, mtaa mzima utajua jina lako. Na mwaka huo gari lilichelewa, maana Krismasi iliangukia Jumatano, siku yake, na Jumatano ya pili ikawa mwaka mpya. Kwa hiyo vichwa vya kamba, vifurushi vinne vizima, vilikaa kwenye friza ya Noreen siku tisa, na kila alipofungua kutafuta barafu aliviona.

Siku ya pili ya sikukuu alitoa vichache akavichemshia Toffee na Pip. Kwa nini vipotee bure? Badger alikuwa chumba cha kufulia na chakula chake cha daktari, na harufu ya kamba ikapita chini ya mlango. Akalia. Hakulia kama siku zote; safari hii alilia kwa sauti nyembamba, ya kuomba, isiyonyamaza. Noreen akatazama sufuria. Kulikuwa na supu kidogo imebaki na vichwa viwili.

"Krismasi yenyewe ni mara moja," akasema kwa sauti, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Akafungua mlango. Badger alikula akitetemeka kwa furaha, kisha akajisugua miguuni pake, na Noreen akaona raha ambayo hakuwa ameipata tangu Julai. Kesho yake akampa tena. Keshokutwa pia. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini nani huwakumbuka wahenga mbele ya sufuria?

Siku ya nne, asubuhi, Badger aliingia kwenye sanduku lake la mchanga akachuchumaa muda mrefu. Hakikutoka kitu. Akatoka, akarudi. Noreen aliona, akajua ni nini, lakini akajiambia ni joto, atakuwa sawa, ngoja tuone mchana. Watu wa kule wana neno hilo, atakuwa sawa, wanalitumia kwa moto wa msituni na kwa jino bovu. Mchana Badger alikuwa amejikunja chini ya sinki, tumbo gumu, na alipoguswa alitoa sauti ambayo Noreen hakuwahi kuisikia kwa mnyama. Hapo ndipo alipomtia kikapuni akaendesha gari mpaka Maclean, analia barabara nzima.

Daktari alimgusa paka mara moja tu, akamwita nesi alete dawa ya usingizi.

"Ameziba kabisa. Lazima nimwekee mpira wa mkojo sasa hivi, na siwezi kukuahidi kitu. Amekula nini?"

Noreen akafungua mdomo. Alitaka kusema. Mimi naamini hivyo, na yeye mwenyewe anaapa. Lakini aliuona uso wa yule kijana, akakumbuka watoto mia na hamsini aliojisifia mbele yake.

"Jirani yangu," akasema. "Ni mzee sana. Aliwahi kuvua kamba, yuko nao wengi. Nadhani humpa. Anasahau, unajua."

Daktari akatikisa kichwa kwa huruma. "Inatokea sana. Si kosa lako."

Si kosa lako! Maneno yale yalimchoma Noreen kuliko kofi, lakini aliyaacha yapite, na Badger akabebwa ndani.

Alilala kule siku tatu. Aliponea chupuchupu, akarudishwa amenyolewa manyoya ya mguu aliochomwa dawa, amekonda, na shingoni ana mkanda mwekundu wenye maandishi makubwa: USINILISHE, NAUMWA. Mkanda ulikuwa wazo la Tegan, nesi wa pale kliniki, msichana mwema wa hapohapo Iluka, ambaye wema wake haukuishia shingoni mwa paka. Jioni moja akitoka kazini alisimama mlangoni kwa Clarrie akamweleza kwa upole, kama alivyofunzwa kuongea na wazee. Ulimi hauna mfupa. Noreen alikuwa hajamtamkia mzee neno, na tayari uongo wake ulikuwa umeingia ndani kwa yule mtu, umevuta kiti, umekaa.

Asubuhi iliyofuata Clarrie alikuja mwenyewe. Hakupitia nyuma kama kawaida. Alibisha mlango wa mbele, kofia mkononi, amechana nywele.

"Nor, nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya nini, Clarrie? Ingia ndani."

"Siingii. Tegan ameniambia. Kwamba nilimpa Badger kamba." Aliizungusha kofia mikononi. "Sikumbuki, Nor. Nimekesha usiku kucha natafuta kichwani. Namwona amekaa kwenye kiti, naona nilivyomwambia sikupi, basi. Mkono wangu ukimpa siuoni. Lakini kama imetokea, imetokea. Nisamehe. Yule paka ni rafiki yangu."

Noreen alishika mwimo wa mlango. Maneno yote yalikuwepo mdomoni: ni mimi, Clarrie, si wewe, ni mimi. Yalikuwa mepesi, mtoto wa darasa la kwanza angeyasema.

"Hamna neno, Clarrie," akasema.

"Una moyo mzuri," mzee akasema, akavaa kofia yake akaondoka.

Noreen alifunga mlango akaketi palepale sakafuni, na Badger akaja akamlalia mapajani na mkanda wake mwekundu. Alijichukia. Alikuwa ameombwa radhi na mtu ambaye yeye ndiye aliyemsingizia, na akamwachia aondoke akimshukuru. Akajiambia atakwenda kesho. Kesho ilipofika akajiambia mzee anapumzika. Wiki iliyofuata akaoka keki ya maboga ampelekee, ikaungua, akaona hiyo ni sababu ya kutosha ya kutokwenda.

Alasiri ya siku hiyo alimkuta Clarrie amepiga magoti uani, anapigilia kipande cha wavu kwenye pengo ambalo Badger alipitia. Msumari ulikuwa ukimponyoka kila mara.

"Unafanya nini?"

"Naziba. Asije kwangu tena, Nor, siaminiki." Hakuinua uso. "Na nimempigia simu Leanne. Kuna chumba kimepatikana Grafton. Anakuja Ijumaa na karatasi."

"Lakini ulisema utatoka umebebwa!"

"Nilisema hivyo nilipokuwa na akili zangu. Funguo, sawa, mtu hupoteza funguo. Birika, sawa. Lakini kumlisha mnyama sumu na kisha usijue? Kesho nitawasha gesi nisijue, niuunguze mtaa. Hapana. Mtu ajue siku yake."

Noreen alirudi ndani. Mpaka hapo alikuwa amejidanganya kwamba ni uongo mdogo, wa paka, uliokwisha ondoka na gari la taka. Sasa aliona umbo lake kamili. Mzee alikuwa anatoka kwenye nyumba yake, anauacha mto ule wa boti za uvuvi aliouamkia miaka yote, kwa sababu ya supu aliyoipika mwingine.

Utasema angekimbia palepale uani akasema. Hata mimi ningesema hivyo. Lakini aibu ina uzito wake. Alishindwa Jumatano, akashindwa Alhamisi. Alimlisha Badger chumbani mwake, akawalisha wenzake jikoni, akaosha bakuli, na kila alipoifungua friza hakuona barafu, aliona mahali vile vichwa vilipokuwa.

Ijumaa gari la Leanne lilisimama mlangoni kwa jirani, na kutoka ndani wakashuka Leanne na mama mmoja mwenye faili, wa ile nyumba ya wazee. Maboksi yakateremshwa. Noreen akanawa uso, akatoka, akavuka ua kwa njia ya mbele bila keki wala sahani, jambo ambalo kule halifanywi. Huendi kwa mtu mikono mitupu. Alitaka kumwomba Clarrie watoke nje wawili tu, amnong'oneze.

Haikuwa hivyo. Walikuwa wote mezani jikoni, karatasi zimetandazwa, kalamu mbele ya mzee.

"Afadhali umekuja," Leanne akasema. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, mchovu, asiye mbaya. "Huyu bibi anataka kujua hali yake ikoje hasa. Nimemweleza ya birika. Mweleze na ya paka. Mjomba mwenyewe hakumbuki."

"Sikumbuki," Clarrie akakubali, anatazama meza. "Mwambie tu, Nor. Usinionee haya."

Yule mama akafungua ukurasa mpya, akasubiri. Nzi aligonga kioo cha dirisha. Noreen akajua kwamba akisema hamna neno mara hii, hatakuwa na siku nyingine ya kusema.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini?" Leanne akauliza.

"Mimi ndiye niliyempa Badger kamba. Vile vichwa vya kwenye friza. Siku tatu, kwa mkono wangu. Clarrie hakumpa kitu. Hakukumbuka kwa sababu hakuna cha kukumbuka."

Leanne alifungua mdomo, lakini mzee akainua kiganja. Kilikuwa kinatetemeka, na bado kilimnyamazisha.

"Sema tena."

"Ni mimi niliyempa. Nikamdanganya daktari kwamba ni wewe. Niliona haya."

"Tena. Polepole. Huyu bibi anaandika."

Noreen akasema mara ya tatu, machozi yakimtiririka, na yule mama akaandika. Clarrie alimtazama muda wote huo, macho yake makavu, na uso wake ukabadilika kidogo kidogo, kwanza mshangao, kisha kitu ambacho Noreen alidhani ni furaha, kisha si furaha hata kidogo.

"Siku kumi na moja," akasema. "Siku kumi na moja nimeamka kila asubuhi najiuliza nimefanya nini kingine nisichokijua. Nilikuwa naogopa kupika chai. Nilikuja kwako na kofia mkononi, Noreen."

"Najua."

"Ukanijibu hamna neno."

"Ndiyo."

"Nikakwambia una moyo mzuri!"

"Ndiyo, Clarrie."

Akaisukuma kalamu mpaka ukingoni mwa meza, ikaanguka. "Toka nyumbani kwangu," akasema.

Noreen akatoka. Nyuma yake alimsikia Clarrie akimwambia Leanne arudishe sahani kabatini, na zipangwe zilivyokuwa, za bluu chini. Leanne alipinga, birika ni birika, mjomba, hilo hakuliunguza Noreen. Walibishana mpaka jua likapungua. Mwisho wakapatana: jiko la umeme la kujizima lenyewe, na simu kila asubuhi. Maboksi yakarudi Grafton matupu.

Jumatatu Noreen alikwenda Maclean akamweleza daktari na Tegan, wote wawili, wamesimama. Tegan hakumwangalia. Habari ilifika kwenye foleni ya duka la samaki kabla yeye hajafika nyumbani, na wanawake aliowalishia watoto wao wakamsalimia kwa ufupi. Hakulalamika. Badger anaendelea na chakula chake kile kile nyuma ya mlango ule ule, na akilia, Noreen anaketi jikoni na kulia naye, lakini mlango haufungui.

Clarrie hakumsemesha wiki sita. Siku moja mwezi wa Machi, wavu uani ukawa umeng'olewa, na Badger hakungoja kuambiwa. Saa kumi alasiri sauti ya mzee ikasikika kutoka barazani, ya mtu aliyezoea kushindana na injini, sauti ya kusikika mtaa mzima.

"Noreen!"

"Naam, Clarrie!"

"Paka wako yuko hapa! Sijampa kitu! Nakumbuka vizuri!"

Wa nyumba ya mbele akachungulia dirishani. Mpita njia na mbwa wake akasimama. Noreen alisimama katikati ya ua wake, uso umemwiva.

"Najua, Clarrie!" akajibu kwa sauti ya juu. "Hujampa!"

Na tangu siku hiyo, kila alasiri saa kumi, mzee huita hivyo, naye hutoka nje akajibu hivyo, kwa sauti, wote wasikie. Siku aliyojaribu kujibu kwa sauti ya chini kutoka ndani, Clarrie aliita tena.